Safi, Fifi na Lundo Moja

Shule niliishia darasa la nne, lakini leo ukifika Bariadi mjini ukaulizia nyumba ya bati la rangi yenye geti la chuma, utaletwa kwangu bila kupotea. Nasema hivyo ili ujue kwamba aliyeshindwa katika habari hii si mtu mnyonge.

Mama yangu alilima pamba kijijini Nkoma maisha yake yote. Alianika mavuno kwenye chanja, kisha akachambua kwa vidole: nyeupe huku, iliyoingia manjano au kutobolewa na wadudu kule. Ya kwanza iliitwa safi, ya pili fifi. Kwenye ghala la ushirika kila moja ilikuwa na lundo lake na bei yake. Neno safi, Mwarabu mmoja mwenye duka aliniambia limetoka kwao, wanalitumia hata kwa maji yaliyotulia, takataka zikabaki chini. Fifi sijui chimbuko lake. Mimi nasikia kufifia humo ndani, kama khanga iliyofuliwa mno. Mama hakujali maneno hayo yametoka wapi. Kuitwa mwenye pamba safi kulimtosha. Wanawake wenzake walimtania, "Huyu anachambua kama anachagua mkwe!" Naye akajibu, "Wako ulimchagua gizani, tunaona." Ghala zima likaangua kicheko.

Likaja soko huria. Ushirika ukafa, ghala wakalirithi popo. Mimi nikapata mizani ya kuning'iniza na lori la kukodi, nikawa mnunuzi, tena mnunuzi hasa. Wenzangu magari yao yalizama kwenye mchanga wa mito, mimi nilivuka.

Bei ikawa moja. Watu walielewa haraka: fifi ikachanganywa na safi, ikanyunyiziwa maji, mchanga ukatiwa katikati. Nyumbani mwanangu alikuwa akikariri somo la sayansi kwa sauti: maada ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi. Nikamuuliza yule Mwarabu, akasema neno hilo nalo ni lao. Basi nikajua ninachonunua: maada. Pamba nilikuwa nimeacha kununua zamani.

Msimu wa pili Mama akaja kwenye mizani yangu pale Nkoma na magunia mawili.

"Ng'wanone, mwanangu, hili safi, hili fifi. Pima mbalimbali."

"Mayu, siku hizi ni pamba tu."

"Pamba gani?"

"Pamba tu, Mayu."

"Kwa hiyo mimi na yule aliyetia mchanga ni sawa?"

Nikamwambia nitamwongezea kutoka mfukoni mwangu, fedha ninayo.

"Sikuja kuomba, baba. Nimekuja kuuza."

Nikalipakia gunia la safi kwenye kiti cha mbele cha lori, nikalipeleka mwenyewe jineri, kule kiwandani wanakotenganisha nyuzi na mbegu. Tangu nianze biashara sikuwahi kumbembeleza mtu. Siku ile nilibembeleza. Nilitaka lipokelewe peke yake na liandikwe safi, basi. Mpokeaji akatumbukiza mkono, akaukunja, akautoa taratibu.

"Hii nzuri kweli, bosi. Sijaiona hivi muda mrefu. Haya, mwaga pale."

Pale palikuwa na lundo moja, kubwa kama nyumba, la kijivu. Nilimwaga. Nikasimama kuitafuta pamba ya Mama kwa macho, lakini ilikuwa imeshapotea humo.

Niliporudi Nkoma, Mama alikuwa bado amekaa juu ya gunia la fifi.

"Wamesemaje?"

"Wamesema nzuri."

"Halafu?"

"Wakasema nimwage kwenye zote."

Akatikisa kichwa kidogo, akajitwika fifi yake, akarudi nayo nyumbani.

Hakupanda tena pamba. Nimemjengea nyumba ya saruji, godoro nimemletea kutoka Mwanza, nani mwingine kijijini pale analo? Anakaa mlangoni, mikono mapajani. Msimu ukifika, watu wakianza kupita na mizigo kuelekea kwenye mizani yangu, anageuza kiti, anatazama ukuta.