Tano Toa Mbili

Kwa miaka ishirini na miwili Nehemiah Masinde alifundisha hesabu katika shule moja ya msingi nje kidogo ya Khwisero, na hakuna mtoto aliyetoka darasani mwake bila kulijua jedwali la kuzidisha mpaka kumi na mbili. Nyumbani, mwanafunzi wake alikuwa mkewe Ayuma, aliyeachia masomo darasa la tatu.

Wageni wakija, mwalimu alikuwa akingoja chai imiminwe, ndipo amwite.

"Mama Naliaka, kumi na saba toa tisa?"

Ayuma alihesabia vidole. Njia nyingine hakuijua.

"Vikalie hivyo vidole!"

Basi alikalia mikono yake mbele za watu, akataja sita, kisha kumi, wageni wakicheka. Binti yao Naliaka naye alicheka. Wakati huo alikuwa na miaka saba, na jibu alikuwa nalo.

Machi 1995, Naliaka akiwa ameshakua na kuhama, mwalimu alianguka akiwa ubaoni. Kilikuwa kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilikufa, ila maneno yalibaki, japo ya kukokota. Katika hospitali moja mjini Kakamega daktari kijana alimpima akili kwa maswali mepesi.

"Saba mara nane?"

"Hamsini na sita," mwalimu alijibu papo hapo.

"Tano toa mbili?"

"Kumi," akasema mwishowe.

Ayuma alidhani anafanya mzaha. Daktari akamweleza pale pale kando ya kitanda kwamba jedwali mtu huliimba utotoni likakaa kichwani kama sala; hulitaja bila kufikiri. Kutoa ni kitu kingine: lazima uone wingi akilini, uupunguze, na sehemu ya ubongo inayofanya kazi hiyo ndiyo imeharibika.

"Kwa hivyo hiyo saba mara nane si akili," Ayuma aliuliza. "Ni mdomo tu?"

"Ni kama hivyo, mama," daktari akasema, akageukia mgonjwa mwingine.

Ayuma alimrudisha mumewe nyumbani. Alimwosha, akambadilisha nguo, akamlisha. Hapo hakuna wa kumlaumu. Lakini Jumapili ya pili akina mama wa kanisa walipokuja kumwombea, alingoja waseme amina, akavuta kiti mbele ya mgonjwa.

"Mwalimu, tano toa mbili?"

Vidole vya mkono wake mzima vilianza kufunguka kimoja kimoja juu ya goti. Ayuma aliushika ule mkono polepole, akausukuma chini ya paja lake.

"Ukalie."

Mmoja wa akina mama alicheka, akajikuta anacheka peke yake. Mwalimu alilia bila sauti, kamasi zikimshuka mpaka kidevuni. Ayuma alimpangusa kwa kanga yake, akauliza tena.

Ikawa desturi. Mchana alimwekea vipande vitatu vya ingokho, kuku wa kienyeji, akaondoa kimoja. "Vimebaki vingapi?" Obusuma, ugali wao, ilipoa mezani, mwalimu akiitazama sahani kama mtu aliyeonyeshwa maandishi ya kigeni. Rafiki yake Wanyama, aliyefundisha naye, aliyaona hayo mara moja tu, hakurudi tena.

Desemba Naliaka alikuja kutoka Butali, alikokuwa karani. Alikuta sahani mezani na baba yake ameukalia mkono.

"Mama, unamfanyia nini baba?"

"Ninamfundisha."

"Na unajua hawezi!"

"Hata mimi sikuwezanga. Wewe ulikuwa umeketi hapo, kwa hicho kiti. Ulinitetea?"

Baba yake alimtazama Naliaka. "Niondoe hapa," alisema, kila neno likitoka kwa shida. Naliaka alimwambia chumba chake cha kupanga ni kimoja, na mchana kutwa yuko kazini. Jumatatu asubuhi aliondoka peke yake.

Mwalimu aliishi miaka miwili zaidi. Mwaka wa pili hata jedwali lilimtoka. Ukimuuliza chochote, hata jina lake, alijibu "kumi". Ayuma akaacha kumuuliza. Akawa anamlisha bila kusema neno.

Kwenye mazishi mwalimu mkuu alisema marehemu alikuwa na akili ya ajabu. Mjane alipopewa nafasi ya kuzungumza alisimama, akauliza kama kila mtu amepata chakula.