Neno Alilokuwa Akilitafuta Baba

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ya mwaka ule niliofanya mtihani wa kuingia chuo cha ualimu. Tulikuwa tukikaa Temeke katika nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti, na Mwingereza alikuwa bado anatawala. Baba yangu, mzee Kibwana, alikuwa kuli wa bandarini, Mzaramo wa upande wa Kisarawe. Asubuhi hiyo alikaa barazani na blanketi mabegani ingawa joto lilikwisha kuanza, kwa kuwa kifua kilikuwa kimembana tangu mvua za masika. Mimi nilikuwa nimesimama tayari, kalamu mfukoni. Akanishika mkono, akaanza kuniambia jambo.

Nitakuambia alichosema na nilichofanya. Lakini ngoja kwanza nikueleze jinsi tulivyokuwa tukisoma, maana bila hilo hutanielewa, na sitaki unielewe kwa haraka.

Mtihani ulikuwa wa Kiingereza, na sehemu iliyotutisha wengi ni ile ya kujaza mapengo. Wanakuandikia sentensi, mahali fulani wameacha nafasi, nawe utafute neno linalofaa kukaa pale. Nasikia mpaka leo mnayo. Sisi maneno yenyewe hatukuwa nayo. Nyumbani ni Kizaramo na Kiswahili, sokoni Kiswahili. Kiingereza tulikikuta darasani na kwenye vibao vya maduka ya mjini. Basi mimi na rafiki yangu Simoni, mtoto wa karani mmoja aliyetoka bara, tukajitungia mchezo. Jioni tulikaa karibu na bomba la maji la mtaa. Mmoja anasoma sentensi, akifika kwenye pengo anapiga kofi, na mwenzake anarusha neno. Anayekosa anabeba ndoo ya mwenziwe mpaka nyumbani.

Mimi nilikuwa mwepesi. Kofi halijatulia, neno limekwisha nitoka. Simoni alikuwa mzito. Alitaka asomewe sentensi mpaka kwenye nukta, kisha asomewe tena.

"Simoni, maji yatakatika bombani unawaza!" nilimcheka.

"Na yakatike. Ndoo leo unabeba wewe."

Na mara nyingi nilibeba. Nikupe mfano mmoja, niuweke kwa Kiswahili. "Ingawa mzee yule alikuwa tajiri, aliishi maisha ya..." Niliposikia tu tajiri, nikarusha: anasa! Simoni akatikisa kichwa. "Umelikanyaga neno la kwanza. Kuna ingawa pale." Jibu lilikuwa dhiki. Mwalimu wetu naye alituonya vivyo hivyo. Alisema tusidanganywe na maneno makubwa yanayong'aa, tuangalie vijineno vinavyounga. "Ukiona lakini," alituambia, "jua njia inapinda hapo. Ukienda moja kwa moja utaingia mtaroni." Niliyakariri maneno hayo vizuri. Kukariri nilikuwa sina mpinzani.

Polepole mchezo ukanifuata nyumbani. Mama akisema, "Shabani, hebu niletee..." mimi nimeshasema, "Kinu!" Kumbe alitaka ungo. Mwanzoni alicheka. Halafu akaacha kucheka. Siku moja akisuka ukili wa mkeka aliniambia bila kuinua macho, "Mwanangu, niachie na mie neno langu. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi." Niliitikia ndiyo kabla hajamaliza.

Sasa uelewe jambo hili kuhusu baba yangu. Alikuwa na kigugumizi tangu utoto wake. Neno lilikuwa likimkwama kooni, midomo inalishika, haliji, haliji, mpaka mishipa ya shingo inasimama. Na sisi nyumbani hatukumsaidia neno kamwe. Mama alikuwa akiinamia ukili wake, vidole vinakwenda, mpaka neno lije. Majirani walitazama barabarani. Hata muuza kahawa alisimama na kikombe mkononi akangoja. Hakuna aliyetufundisha, tulikuta ni hivyo, kama unavyokuta viatu vinavuliwa mlangoni.

Mtu mmoja tu ndiye aliyethubutu kumchezea baba kwa kigugumizi chake, naye ni mzee Mihambo, Mnyamwezi, waliyebeba naye magunia gatini. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani hana haya wala haombi radhi. Akitokea tu kwenye kona utamsikia:

"Ki-Ki-Kibwana! Toa neno upesi, gari moshi la Tabora linaondoka!"

"M-mpagazi we," baba humjibu, "t-tua mzigo kwanza ndipo u-uongee."

Watacheka hapo mpaka baba apaliwe. Nami nilikuwa nikitazama, na kwa ujinga wa ujana nikadhani mlango uliofunguliwa mtani umefunguliwa na mwana.

Basi turudi kwenye asubuhi ile. Simoni alikuwa ananingoja barabarani. Tulikuwa na mwendo wa miguu mpaka mjini, kupitia Keko, na jua lilikuwa linapanda. Baba kanishika mkono. Mama alikuwa mlangoni na ukili wake.

"Shabani, mwanangu," alisema baba. "Ni-nimefurahi unakwenda. La-lakini... lakini na-nataka u... u..."

"Shabani, jua hilo!" Simoni aliita.

"U... u..."

"Nisiwasahau," nikasema. "Sitawasahau, baba. Usiwe na wasiwasi."

Aliniangalia. Mdomo wake ulikuwa bado uko kwenye lile neno lake, ameushikilia. Nikaona vidole vya mama vimesimama. Halafu baba akafumba mdomo, akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu anayekubali bei asiyoipenda.

"E-ee," alisema. "Haya. Hilo."

Akaniachia mkono. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi kama nilivyokuwa nikifurahi Simoni akisema nimepata.

Njiani Simoni aliniuliza, "Mzee alikuwa anakwambia nini?"

"Nisiwasahau nyumbani."

"Alisema hivyo, au umemsemea?"

Nikacheka, nikamwambia apunguze maswali, akili ayatunzie ya mtihani. Tulikuwa hatujafika hata Keko. Ningegeuka, ningefika nyumbani nikarudi, na mtihani ningeukuta. Mwanangu, nimeitembea njia ile mara nyingi maishani mwangu, na kila nikifika pale miguu yangu inajua.

Kwenye mtihani mapengo yalikuja kama tulivyotarajia. Nilikumbuka ndoo zote nilizombebea Simoni, nikaogopa, nikajizuia. Kila sentensi niliisoma mpaka kwenye nukta, nikairudia. Penye lakini nilisimama. Karatasi ile niliipa subira ambayo baba yangu sikumpa.

Tuliporudi ilikuwa alasiri. Kuanzia mwanzo wa mtaa wetu watu walionijua waliacha kunitania, wakaanza kunipisha. Nikaona mikeka imetandikwa nje na wanaume wamekaa kimya. Baba alikuwa amefariki adhuhuri, palepale barazani, mgongo ukutani. Tulimzika kabla jua halijazama. Watani waliziba njia ya jeneza kama ilivyo desturi, wakadai Mzaramo hapiti bila ngoma, na watu wakacheka huku wanalia. Mimi sikuweza lolote katika hayo mawili.

Siku ya kumaliza matanga, mtani ana kazi yake. Huvaa nguo za marehemu, akaenda kama alivyokwenda, akasema kama alivyosema, ili wafiwa wamwone mtu wao mara ya mwisho na kicheko kiwafungue kifua. Mzee Mihambo alivaa kofia ya baba, akajitupia lile blanketi mabegani, akakaa barazani mahali pake. Alimpatia sawasawa. Alikohoa kama yeye, akamwita muuza kahawa kama yeye, na watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha akanigeukia.

"Sha-Shabani, mwanangu. Ni-nimefurahi unakwenda. La-lakini na-nataka u... u..."

Mama ndiye aliyemweleza. Yeye mwenyewe hakuweza kunikemea, basi akalipeleka kwa mtu asiyekatazwa kusema. Mihambo akabaki na mdomo wake kwenye lile u, ameushikilia kama baba. Watu wakacheka. Akaendelea kungoja. Kicheko kikapungua, kikafa, naye anangoja tu, ananitazama.

"Haya, jaza," alisema sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Si wewe ndiye msomi wa mapengo? Jaza, tusikie."



Akavua kofia, akaniwekea mapajani. "Mie nimemcheka Kibwana tangu hujazaliwa. Nimemwigiza mbele ya makuli wote wa gatini. Lakini neno lake sijamnyang'anya hata siku moja. Nilimngoja alimalize, ndipo nikamcheka. Huo ndio utani, kijana. Ulilofanya wewe silijui jina lake."

Aliponiona nalia, akaketi karibu yangu, akashusha sauti. Akaniambia baba alikuwa na jambo alilotaka kunieleza kabla sijaondoka, alilitaja gatini zaidi ya mara moja. "Nikamwambia, nieleze mie nitamfikishia. Akanijibu, mpagazi hapewi mzigo usio wake." Mihambo alitaka kucheka hapo, hakuweza. Nikamwuliza mama. Naye hakujua. "Alisema atakwambia mwenyewe," alinijibu.

Nilipasi, mwanangu. Nasema kweli, nisikutungie kisa cha laana. Simoni alipasi pia, akafundisha kwao bara mpaka alipofariki. Mimi nilifundisha madarasa ya chini miaka mingi, na mapengo nimeyaandika ubaoni mpaka chaki ikanikausha vidole. Lakini sentensi moja tu ndiyo iliyonishinda. Nimeijaribia kila neno. Nataka umtunze mama yako: nilimtunza mpaka nikamzika. Nataka ulilinde shamba la Kisarawe: sikuliuza, minazi ile ipo. Nataka uoe nyumbani: nilioa nyumbani. Kila neno lililoingia pale nililitenda, nisije nikaacha lenyewe.

Ila kuna moja sikuweza kulitenda. Baba alitangulia kusema amefurahi ninakwenda, kisha akasema lakini. Nami nilifundishwa kwamba penye lakini njia inapinda. Huenda alitaka kusema, nataka usiende. Huenda alijua kifua chake kinampeleka wapi, akataka nikae naye siku ile tu. Na mimi nikampa "nisiwasahau", naye kwa kuchoka, au kwa kunionea huruma, akalipokea. Sijui. Nimezeeka sijui. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amekua, na bado namlea.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, nawe uliye na mtihani mbele yako. Jifunze maneno yako kwa bidii. Soma sentensi mpaka nukta, chunguza vile vijineno, jaza kila pengo, usiache hata moja tupu, maana karatasi imewekwa mapengo ili uyajaze. Mtu hakuwekwa hivyo. Pengo la mtu ni lake. Bibi yako akikwama katikati ya habari, mwenzako akilitafuta neno la kukuomba msamaha, mtoto akishindwa kukwambia nani kampiga, usimsaidie kwa neno lako. Tazama barabarani, shika kazi yako mkononi kama alivyoshika mama, ungoje. Kama una haraka, sema una haraka na utarudi, kisha urudi kweli. Na ukishateleza, ukaona mtu amefumba mdomo na kusema haya, hilo, geuka hapohapo ukamwulize alitaka kusema nini. Usiseme utamwuliza jioni.

Mungu akufungulie akili siku hiyo, mwanangu, na mkono wako usitetemeke. Akurudishe nyumbani uwakute wako wote barazani, wazima, na maneno yao vinywani. Na yeyote atakayekushika mkono akasema lakini, Mola akupe nafasi ya kuketi.