Nusu Kikombe cha Chumvi

Nianze kwa kujisifu, maana nikichelewa nafasi itakwisha. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wakili kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuna barua hata moja iliyorudi mezani kwangu kwa kosa. Wakili mwenyewe alikuwa anatia sahihi bila kusoma. Likumbukeni hilo, tutalirudia, ingawa mimi ningependa tusilirudie.

Lakini habari hii si yangu, ni ya wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Nilihamia kwao kwa wiki mbili tu, chumba changu kilipokuwa kinapakwa rangi. Huu ni mwaka wa nne. Rangi imekauka, nakubali, lakini nikiondoka nani atamwonjea biskuti zake?

Wifi ni mpokezi katika kliniki ya meno. Kutwa yuko nyuma ya kioo chenye kitundu, mbele yake daftari la miadi na kalamu iliyofungwa kamba ili wagonjwa wasiondoke nayo. Anapokea mashavu yaliyovimba, anayapa pole, anayakalisha kwenye benchi. Mashine ya daktari ikianza kulia kule ndani, benchi zima hunyamaza, naye huongeza sauti ya redio. Mtu huyohuyo akirudi nyumbani anaandika blogu ya vitu vitamu. Kaka humwambia kwamba anamtafutia daktari wateja.

Blogu yenyewe inaitwa Kopo na Sindano. Nusu ni mapishi mepesi, yale ya dakika ishirini, na nusu ni kazi za mikono. Katika nyumba ile kopo halitupwi. Kopo la maziwa ya unga hushonewa gauni likawekwa vijiko, kopo la kahawa huvikwa uzi likawekwa penseli, na hata kopo la dawa ya mbu lina shela. Siku moja niliacha kikombe changu cha chai mezani, niliporudi nikakikuta kimevaa sketi.

Picha zote hupigwa kwenye kona moja ya dirisha, juu ya kitambaa kimoja cheupe. Anayeiangalia blogu ile atadhani tunaishi hotelini. Angegeuza shingo kidogo tu kushoto, angeona kapu la nguo zinazosubiri pasi tangu mwezi uliopita, na mimi nimekaa pembeni yake.

Wifi ana marafiki wa blogu. Ni wanawake kama yeye, kila mmoja na lake, hawajawahi kuonana ana kwa ana, lakini kila Jumamosi wanasomana na kuachiana maoni. Yupo anayejiita Malkia wa Gundi, ambaye akiona vitu viwili vimekaa karibu lazima avigandishe. Yupo pia Bi Vifungo. Huyu wengine walimwogopa kidogo, kwa sababu wenzake wakiandika "Hongera mpenzi, moto sana!" yeye huuliza, "Kijiko kipi, cha chai au cha mezani?" Au, "Umesema moto wa wastani. Wastani wa nani?" Sisi nyumbani tulimpa jina la Mkaguzi. Wifi akiona jina lake kwenye maoni alikuwa anavuta pumzi kabla ya kufungua.

Sasa sikilizeni shida ilipoanzia. Daktari alitaka kufungua kliniki Jumamosi, akamwomba wifi ashike zamu hiyo, ampe jibu kabla ya mwezi kwisha. Jumamosi ndiyo siku ya blogu. Kaka akasema achukue tu, maana miaka mitatu anaongea na ukuta, na ukuta hauli biskuti. Wifi hakukasirika, na hapo ndipo nilipojua kwamba limemwingia. Akaniambia tukiwa tunaosha vyombo, "Wifi, nataka mtu mmoja tu. Mtu mmoja anayefanya kweli ninachoandika. Nikimpata, Jumamosi yangu siitoi. Nikimkosa, nafunga blogu, naenda kuwapa watu pole siku sita badala ya tano."

Jumamosi iliyofuata alipika biskuti za siagi. Mikono yake ilikuwa imejaa unga hadi kwenye viwiko, akaniomba nimpigie chapa. Nikavaa miwani, nikakaa kwenye kompyuta, nikanyoosha vidole kama enzi zangu. Yeye anataja, mimi naandika. Unga vikombe viwili. Siagi kikombe kimoja. Tulipofika kwenye sukari na chumvi, kaka akapita anatafuta bisibisi, akasimama nyuma yangu, akasema, "Siku hizi unadonoa kama kuku."

Mimi! Nikamgeukia nikampa lake, na la baba yake nikamwachia tu kwa sababu ni baba yangu pia. Vidole viliendelea na kazi peke yao.

"Niyasome kwanza?" wifi akauliza nilipomaliza.

"Unisahihishe mimi?"

"Aa, nisamehe. Bora nimsahihishe daktari."

Akabonyeza, ikaenda. Kufika jioni maoni yalikuwa arobaini na matatu. Hajawahi kupata hata ishirini. "Nimejaribu leo, tamu balaa!" "Wanangu wamelamba mpaka sahani!" "Mkwe wangu kaomba niwaandikie dada zake!" Wifi aliyasoma akitembea, sebuleni hadi jikoni, jikoni hadi kwa kaka aliyekuwa ameshika skrubu mdomoni. "Ukuta wako huu hapa," akamwambia. "Una midomo arobaini na mitatu." Jumatatu asubuhi akamjibu daktari kwamba Jumamosi ana shughuli. Alitembea wiki ile kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Alhamisi ikaja barua ya faragha kutoka kwa Mkaguzi. Wifi alivuta pumzi, akafungua, akaisoma kwa sauti ili tuchekeshane.

"Mwenzangu, salamu. Nilipika biskuti zako Jumamosi, zikatoka za chumvi, hazimezeki. Nikasema nimekosea mimi, maana wote wanasema ni tamu. Jumapili nikapika tena, nikapima kwa kusawazisha kikombe kwa kisu. Mume wangu kala moja, kanywa jagi zima la maji. Naomba unioneshe ninapokosea. Ile nusu kikombe ya chumvi ni kikombe cha kipimo au cha chai? Halafu, kile kishikio cha sufuria ulichosema umekishona mwaka jana, bado nasubiri picha."

Hatukucheka. Wifi alifungua blogu, akatafuta mapishi, akaweka kidole kwenye kioo. Chumvi, nusu kikombe. Sukari, robo kijiko cha chai. Akaenda jikoni, akapima nusu kikombe cha chumvi, akaimwaga kwenye bakuli, akaikodolea macho. Ilikuwa kichuguu.

"Watu arobaini na watatu, wifi," akasema. "Hakuna aliyewasha hata jiko."

Akarudi kwenye maoni, akaanza kuyasoma upya. "Msikilize Malkia wa Gundi. 'Nimepunguza sukari kidogo kwa ajili ya baba watoto, lakini zimetoka safi.' Kapunguza sukari! Kwenye robo kijiko! Kapunguza nini, chembe mbili?" Tukaangua kicheko, tukashikana mabega. Kisha yeye akaacha kucheka, mimi nikachelewa kidogo kuacha, na nikaona analia. Walikuwa wamemvika kilemba cha ukoka, naye alikwenda nacho kazini siku nne.

"Ulimi uliniteleza," akasema akijifuta. "Nilitaja vibaya."

Hapo ndipo mpiga chapa wa miaka ishirini na miwili alipopaswa kufungua mdomo. Nilitulia kama maji ya mtungi. Niliona aibu, na sikuwa na ujasiri wa kuisema, na kama kuna anayejiona bora kuliko mimi basi na aje aoshe vyombo vyetu.

"Kesho namwambia daktari nachukua ile zamu," akasema.

Walau hilo niliweza kulizuia. "Si ulisema mtu mmoja?"

"Nani? Mkaguzi?"

"Kapika mara mbili. Ukitaka muhesabu kama wawili."

Akageukia tena kompyuta. Nilidhani anamfikiria Mkaguzi akisawazisha chumvi kwa kisu siku ya Jumapili, akiamini kwamba kosa ni lake. Kumbe alikuwa ameshafika mbali zaidi yangu. "Kishikio cha sufuria," akasema, na akaanza kutafuta kwenye blogu ya Bi Vifungo mpaka akayapata maneno yake mwenyewe ya mwaka jana: "Nimekishona jana, kimenitoa kimasomaso! Asante mpenzi."

"Ulikishona?"

"Sikumaliza hata kusoma."

"Njia ya mwongo fupi," nikamwambia, naye akanirushia kidonge cha uzi. Kisha akakiri kwamba kila Jumamosi huandika "nimejaribu" kwenye blogu saba au nane, akiwa kitandani, huku anakunywa chai. Aliona ni adabu tu, kama kuitikia hodi. Na mimi niliyekuwa namrushia methali nilikuwa na nusu kikombe cha chumvi rohoni, lakini niliendelea kumeza.

Usiku uleule aliandika kwenye blogu: biskuti zile zina kosa, kosa ni langu, kipimo sahihi ni hiki. Hakumtaja mtu. Maoni yalikuja mawili, na moja lilisema "Hongera mpenzi, moto sana!"

Kesho yake alitoka kazini, akakata miguu ya suruali ya jinzi ya kaka, ya zamani kwa maoni yake, ya juzi kwa maoni ya kaka, akakaa na maelekezo ya Mkaguzi. Yalikuwa na hatua kumi na nne, kila moja na kipimo chake. Wifi tangu nimjue huruka hatua. Kishikio cha kwanza kikatoka kimefungwa pande zote, hakina mdomo, ungempa mtoto akilalie. Akakiweka kando. Cha pili kilikuwa na mdomo, ila kitanzi cha kutundikia kilikuwa ndani, hakionekani mpaka utie mkono. Kwa cha tatu alinikalisha nimsomee hatua kwa hatua, neno kwa neno, na ilipofika ya sita akataka kuiruka tena, nikamfinya. Kilitoka kimepinda upande mmoja, lakini kiliingia mkono na kikatoa sufuria jikoni.

Alivipiga picha vyote vitatu. Hakwenda dirishani. Aliviweka juu ya kapu la nguo zisizopigwa pasi, akaandika, "Mwaka jana nilidanganya. Hivi ndivyo ukweli ulivyotoka." Akabonyeza haraka, kisha akaificha simu chini ya mto, ikaita huko huko.

"Cha tatu kizuri," Mkaguzi alijibu. "Cha kwanza na cha pili uliruka hatua ya sita. Jumamosi ya wiki ijayo upo?"

Alikuwepo, na njia ya nyumbani akamwelekeza. Daktari alikuwa amekwisha kupata mtu mwingine wa zamu. Mkaguzi akabisha hodi saa nne kamili, mwanamke mfupi, mkavu, miwani imening'inia kifuani, kopo limebanwa kwapani. Alisimama katikati ya sebule, akaangalia dirisha, kitambaa cheupe, kisha akageuza shingo kushoto, akaliona kapu.

"Afadhali," akasema. "Nilidhani ni kwangu tu."

Na mnajua kazi yake ni nini? Anakagua mizani madukani. Tulipotajiwa hilo, mimi na wifi hatukuthubutu kutazamana. "Miaka kumi na tisa napima mizani za watu," akatuambia akikoroga chai. "Lakini niliposoma maoni arobaini na matatu, nikasema basi, safari hii mizani iliyoharibika ni mimi. Na wewe mapishi yako yote nimeyapika, hayajawahi kuniangusha."

"Yote?" wifi akauliza.

"Yote. Unadhani ninauliza kijiko kipi kwa nini?"

Wifi akaweka kikombe chini. Akamshika mgeni mkono, naye mgeni, ambaye sidhani kama hushikwashikwa mikono, akauacha hapohapo.

Kisha akafungua lile kopo. Ndani zilikuwa biskuti, nzuri kwa macho, kahawia pembeni. "Ni zile za Jumapili," akasema. "Sikuzitupa. Nilitaka mtu mwingine aonje, nijue si ulimi wangu." Wifi akachukua moja, akaitafuna yote mpaka mwisho, machozi yakimtoka, akitikisa kichwa.

Nikaona ni zamu yangu. Nilichukua moja, nikaishika. "Ni mimi niliyeandika," nikasema. "Wifi alitaja sawa. Mimi ndiye niliyekosea."

"Tunajua," wakasema wote wawili kwa pamoja.

"Mapishi yale nayajua kuliko jina langu," wifi akaongeza. "Siku ileile nilifikiri, nikajua, na mwenzangu nikamwandikia. Nikasema nimwachie nafasi mpiga chapa wetu, atakuja mwenyewe. Wiki nzima, wifi! Haya, kula. Yote."

Nilikula yote. Sitaeleza.

Nilikuwa nakunywa glasi ya tatu ya maji kaka alipoingia na bisibisi yake, akaliona kopo mezani. "Ah, biskuti!" akasema. Mkaguzi akamwangalia wifi, wifi akaniangalia mimi, nami nikakumbuka ni nani aliyesema nadonoa kama kuku.

"Tamu sana, kaka," nikamwambia, nikimsogezea kopo. "Nimejaribu mwenyewe."