Alama Nyekundu Mlangoni kwa Mama Akoth

Nakumbuka siku moja, mwanangu, miaka ya tisini ikiwa bado michanga, nilipotoka chumbani kwangu Kawangware, upande ule unaopakana na Riruta, nikashika njia kwa miguu hadi Kibera. Nilikuwa na kazi mpya, kama wewe sasa. Ofisi moja ya mipango ya mji ilikuwa imeniajiri kuchora ramani, na mtaa wa kwanza niliopewa humo Kibera ulikuwa Kisumu Ndogo. Nilitembea kichwa juu. Ukiwa kijana na una rula mkononi, unadhani watu walikuwa wakikungoja wewe ndipo waishi.

Kazi yenyewe ilikuwa njema, usinielewe vibaya. Tulitaka kutengeneza njia pana ya miguu, na kando yake mtaro wa kupitisha maji ya mvua. Kabla ya kuchora ilibidi tuhesabu nyumba. Kila niliyoihesabu niliitia msalaba wa rangi nyekundu mlangoni, nisije nikairudia. Maana yake ilikuwa hiyo tu: nyumba hii imeshahesabiwa.

Katika safu mojawapo aliishi Mama Akoth, mama wa kutoka upande wa ziwa, aliyepanga chumba kimoja na kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, mbele ya mlango wake. Siku ya kwanza aliponiona nimesimama juani nikiandika, alinivutia kigoda.

"Msichana wa ofisi, mchana utakula hizo karatasi?"

Akanipakulia ugali na omena iliyoungwa kwa nyanya. Tangu siku hiyo sikula mchana kwingine. Mama yangu mzazi alikuwa mbali, na kumbe nilikuwa na njaa ya kuitwa nikae nile. Akoth, bintiye, alikuwa darasa la saba. "Huyu atamaliza shule hapa hapa Nairobi," mama yake alikuwa akiniambia, huku akipepeta omena kwenye ungo. Alilisema neno hilo kila siku, kama mtu anayesali.

Basi ikafika zamu ya mlango wake. Nikapaka rangi. Akaacha kupepeta.

"Hii alama ni ya nini?"

"Ni ya ofisi tu, mama. Usijali."

"Ofisi inataka kufanya nini?"

Mkubwa wangu alikuwa ametuonya tusiongee mengi na watu, lakini sitamsingizia. Ukweli ni kwamba niliona utamu kujua jambo asilolijua mtu mzima. Nikacheka, nikasema, "Mtaambiwa wakati ukifika."

Hakuuliza tena. Alinipa chakula kama kawaida, nikala.

Nilipelekwa kuhesabu mtaa wa Raila, huko huko Kibera, kwa wiki mbili. Niliporudi na kubisha kwa Mama Akoth, alifungua kijana nisiyemjua, mpangaji mpya. Jirani yake, Mzee Wekesa, fundi wa vitanda kutoka Bungoma, aliniona nimeduwaa akaweka randa chini.

"Mama Akoth ameenda ushago, kijijini kwao. Yeye na mtoto."

"Kwa nini, mzee?"

"Si ulimwandikia mlangoni?"

Ndipo akanieleza. Kabla ya kuja Kibera, Mama Akoth aliishi mtaa mwingine. Huko nako milango ilitiwa rangi nyekundu, na alfajiri moja tingatinga likaja kubomoa. Alitoka na mtoto mkononi tu. Hata sare ya shule ilibaki chini ya mabati. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Safari hii hakungoja.

"Lakini ilikuwa ya kuhesabu tu!" nikasema. "Hakuna nyumba ya kubomolewa!"

"Sasa ndio unasema? Alikuuliza. Nilikuwa hapa hapa nikisikia." Hakupaza sauti, na heri angepaza. "Angalia, dada yangu. Wewe wanakuita mpangaji wa mji, na sisi tunaitwa wapangaji wa vyumba. Lakini ukipanga wewe, tunaohama ni sisi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi si umuulize anayekilalia? Na yeye akikuuliza, si umjibu?"

Nilianza mlango wa kwanza wa safu ile, nikaenda mmoja mmoja nikieleza ule msalaba. Jumapili nilisimama kanisani kwao, nikaeleza tena na kuomba radhi. Familia mbili zilizokuwa zimeshafunga mizigo zikaifungua. Nilishukuru, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nilimtumia Mama Akoth salamu kupitia akina mama waliofuata omena ziwani: arudi, hakuna ubaya. Miezi ikapita ndipo mmoja akaniletea jibu.

"Amesema hana kinyongo na wewe. Amesema pia Akoth hakurudi shule. Ameolewa."

Njia ile tuliijenga, na mtaro pia. Haikugusa hata ukuta wa chumba chake. Niliipita mara nyingi, na kila mara niligeuza uso upande ule, nikitamani kusikia ungo ukipepetwa, nikitamani mtu anikaripie kwamba nimekonda. Nimekula katika hoteli kubwa tangu hapo, mwanangu, kwenye mikutano ya wapanga miji. Hakuna mahali nimepata ladha ile.

Nakuambia haya kwa sababu nyinyi sasa mnapiga picha za mitaa kutoka angani. Ni vizuri. Lakini picha ya juu huonyesha bati, haikuonyeshi nani amewahi kubomolewa wala nani anaomba mtoto amalize shule. Shuka uende. Useme umekuja kufanya nini kabla hujagusa mlango wa mtu. Ukiulizwa, jibu, hata kama jibu ni "sijui." Na usiwafiche watu habari ya maisha yao wenyewe ukadhani huo ndio ukubwa.

Nenda kazini, mwanangu. Mungu akupe subira ya kusikiliza na mkono usio na pupa. Na kila utakayemkuta nyumbani kwake, Mungu akujalie umwache nyumbani kwake, akiwa na amani.