Redio ya upepo ilivyokataa kijiji chetu mke wangu akiwa kwenye uchungu

Wakuu, kwema humu? Nimesoma vijana mnavyobishana kuhusu JSON, ile data ya mabano, na validator, programu inayokagua mpangilio wake, nimecheka sana. Mzee wenu naleta langu la enzi za ujamaa, na sitii chumvi. Shahidi yupo, namtaja mbele.

Nilikuwa opereta wa redio ya upepo kijiji kipya huku Tarime, si mbali na Nyamongo. Tulihamishwa kutoka mahame, yaani makazi yetu ya zamani ng'ambo ya bonde.

Ujumbe wa mgonjwa ulikuwa na mpangilio: kijiji, jina, shida, halafu unafunga kwa kusema "mwisho". Karani wa kituo kikuu anakagua mpangilio tu, na kama kijiji kimo kwenye orodha yake. Ukipita anaandika kadi, dereva anaichukua, Land Rover inaondoka na mkunga ndani. Hakuna anayeuliza swali.

Ukikosea kipande kimoja unaambiwa "Imekataliwa, rudia". Error message ya wakati ule hiyo!

Sasa mke wangu, mimba ya kwanza, mama yangu alikuwa amempeleka kimyakimya kule mahameni. Eti mjukuu wake wa kwanza hazaliwi ugenini. Mama wa Kikurya akishasema hivyo, wewe utabisha na nani?

Asubuhi jirani mmoja akaja mbio kutoka mahameni. "Mura (yaani kijana), mkeo amezidiwa. Mtoto amekaa vibaya na damu inatoka."

Nikashika redio, nikataja mahali alipo.

"Imekataliwa. Kijiji hicho hakipo. Rudia."

Nikarudia, neno kwa neno.

"Hakipo, ndugu. Rudia."

Ati hakipo! Nimezaliwa pale, babu yangu kazikwa pale. Ningeweza kupenyeza mkono kwenye ile redio ningemkaba koo.

Basi nikataja kijiji kipya. Jina. Shida. Mwisho.

"Imepokelewa."

Papo hapo! Na hapo ndipo hofu ilinishika kwelikweli, maana gari sasa linakuja mahali ambapo mgonjwa hayupo.

Nikaiacha redio inakoroma, nikakimbia hadi njia panda ya mahame, nikasimama katikati ya barabara. Kila dakika namwona mke wangu anakata roho. Nilikuwa nalia, sioni aibu kusema.

Vumbi likatokea. Dereva anapiga honi, hapunguzi mwendo. Sikusogea. Alifunga breki karibu kunigonga, akanitukana matusi yote, akanipungia kadi.

"Kadi inasema kijijini!"

"Kadi nimeituma mimi, na mke ni wangu. Kata kulia!"

Mkunga akamwambia, "Kata kulia, baba." Akakata.

Mtoto wa kiume alizaliwa nyumbani kwa mama, kama alivyotaka mwenyewe. Mke wangu ndiye shahidi, yupo hapa pembeni anasema niache kukuza mambo.

Huyo mtoto leo ni mtu wa mifumo ya kompyuta. Juzi kanipigia kwa furaha: "Baba, data yote imepita validator!" Nikamwambia akaangalie cheti chake cha kuzaliwa. Kimeandikwa kijiji kipya, maana na ofisi ya vizazi nako waliniambia mahame hayapo. Cheti kimekamilika, kina mhuri, na si kweli.

Funzo langu: kagueni mabano na mpangilio, bila hivyo kazi haiendi. Ila kitu kikipita, bado muulizeni mtu aliyekituma.

Haya, nani humu mfumo umewahi kumkatalia ukweli wake? Leteni visa, chai ninayo.