Semina ya Chumvi

Bi Hamira hakupewa jina hilo kwa sababu ya kazi yake tu, ingawa alikuwa mkandaji wa unga katika bekari na hamira haikuwahi kumtoka kwenye kucha. Alipewa kwa sababu ya hasira zake. Hakuwa mtu wa kuwaka papo kwa papo. Ukimuudhi asubuhi ananyamaza, anakwenda zake, na mchana ndipo unamkuta amevimba amejaa chumba kizima, huna pa kupita. Siku hizo alikuwa amevimba kwa muda mrefu, na aliyemvimbisha alikuwa meneja.

Meneja huyo, jamani, alikuwa na dawa moja kwa kila ugonjwa. Mikate ikiungua, semina. Mkokoteni ukivunjika gurudumu, semina ya kusukuma mkokoteni. Alikuwa na ubao wake na kalamu za rangi, na akiishika ile nyekundu uso wote unamng'aa kama bwana harusi. Mtu akithubutu kusema kwamba labda kasoro iko kwenye gurudumu, alijibiwa kwa methali: "Mchagua jembe si mkulima." Mjadala umekwisha. Watu wanapewa soda, wanarudi kusukuma mkokoteni uleule unaochechemea.

Lakini donda ndugu la bekari ile lilikuwa chumvi. Kila baada ya wiki kadhaa, mikate ya tanuri zima ilitoka ama haina chumvi hata chembe, ama ina chumvi ya kukaushia samaki. Chumvi nyeupe, unga mweupe. Ikishamwagwa kwenye mashine ya kukandia imepotea, na hakuna wa kujua ipo au haipo mpaka mteja ateme. Mkandaji wa kwanza kukumbwa na balaa hilo, mzee mmoja mpole, alifukuzwa. Bi Hamira, wakati huo akifanya kazi upande wa kufunga mikate, alicheka kuliko wote. "Huyo pombe imemla ubongo," alisema, na watu wakaamini, maana maneno alikuwa anayajua. Kisha mashine akapewa yeye, na haukupita muda naye akatoa mikate isiyo na chumvi.

Akapelekwa semina. Ikatokea tena, akapelekwa tena. Alifundishwa chumvi ni nini, inatiwa lini, na ina faida gani kwa mteja na kwa taifa. Aliimbishwa mbele ya wenzake, mwanamke mwenye wajukuu, kama mtoto wa chekechea: unga, maji, hamira, sukari, chumvi. Mwishowe meneja akatangaza kwamba atakuja mwenyewe kuwaonyesha wote jinsi unga unavyokandwa, na baada ya siku hiyo Bi Hamira akikosea tena, asisubiri kuambiwa, achukue kanga yake aende nyumbani.

"Aje," Bi Hamira aliwaambia wenzake. "Mikono yenyewe ile, hata kikombe haijawahi kuosha."

Hiyo ilikuwa ya mdomoni. Moyoni alikuwa na hofu ambayo hakumwambia mtu. Mama yake mzazi alianza hivyohivyo, kwa kusahau kama ametia chumvi kwenye mboga, akaishia kumwita yeye "dada" na kumuuliza mama yao amekwenda wapi. Bi Hamira ndiye aliyemuuguza mpaka akafa. Njia ile aliijua mwanzo mpaka mwisho, na sasa aliona na yeye ameshaweka mguu. Binti yake, aliyekuwa akiishi naye, alipopata habari za bekari alianza kumchunga. Akamwondolea kiberiti jikoni, kwa upole. "Mama, wewe pumzika. Jiko niachie mimi." Upole huo ulimuuma kuliko maonyo yote ya meneja, na hakuwa na hoja ya kuukataa.

Siku ya semina ilipofika, meneja alivaa aproni mpya yenye mikunjo ya dukani. Alikuwa amemwalika tajiri, yaani mama mwenye bekari, aje aonje mkate utakaotoka. Wafanyakazi walipangwa ukutani. Meneja akamimina unga kwenye mashine huku akihubiri, akatia maji, hamira, sukari, kisha akainua kikombe cha chumvi juu kama padri.

"Chumvi!" alisema, akaimwaga. "Mmeona? Kazi ni hii tu. Ni umakini."

Hapo kengele ya geti ikalia. Kengele hiyo iliwekwa na meneja mwenyewe siku alipomwachisha kazi mlinzi wa getini, eti gharama. Kwa kuwa chumba cha kukandia ndicho kilichokuwa karibu na geti, kengele ilifungwa humo, na mkandaji ndiye aliyekuwa akienda kufungua. Bi Hamira akajivuta kwenda, kwa mazoea.

"Bakini wote," meneja alisema. "Leo mkandaji ni mimi."

Akatoka. Lilikuwa lori la unga. Wakamsikia akibishana na dereva kuhusu mahali pa kuegesha, sauti zikapanda, zikashuka, lori likarudi nyuma, likaenda mbele. Aliporudi alikuwa anatoka jasho na bado anamlaani dereva. Akasimama mbele ya mashine. Mkono wake ukaenda kwenye kopo la chumvi, ukasita. Akachungulia ndani ya mashine. Kweupe.

Bi Hamira alisogea hatua moja mbele. Kule kusita alikujua. Hakuwahi kukuona kwa nje, lakini kwa ndani alikujua kama chumba chake cha kulala: unatafuta alama, alama hakuna, kila mtu anakungoja, na mashine inazunguka.

"Bosi," alisema, "una hakika?"

"Hapo ndipo unapokosea, Bi Hamira. Unasitasita. Mkandaji hasiti." Akachota kikombe kizima, akamwaga.

Ukutani hakuna aliyekohoa. Mwalimu hasahihishwi. Kila semina walilazimishwa kuitikia, na siku hiyo walinyamaza kwa raha zote.

Mkate ulitoka mzuri wa kupigwa picha. Tajiri akamega, akatia mdomoni, akatafuna kidogo, halafu akatema kwenye kiganja chake mwenyewe, mwanamke wa heshima zake.

"Hii ni nini?"

Meneja akaonja. Uso ukambadilika rangi. "Kengele, mama," alisema haraka. "Kengele ilinikatiza. Nilikuwa nimeshatia, nikaenda getini, niliporudi... Mtu yeyote angesahau."

"Na kengele ya geti inafanya nini kwenye chumba cha kukandia? Nani aliifunga humu?"

Macho yote ya ukutani yakamgeukia meneja. Jioni hiyohiyo fundi alikuja akaing'oa kengele, na mlinzi akaitwa arudi. Hakuna aliyemwimbisha meneja unga, maji, hamira. Hakuandikiwa onyo. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Lakini kabla tajiri hajaondoka, Bi Hamira alikuwa ameshavimba kiasi cha kuziba mlango.

"Mtu yeyote, bosi?" aliuliza taratibu. "Hata mimi?"

Meneja akaangalia aproni yake.

"Nakuuliza. Hata mimi?"

"Hata wewe," alisema meneja, na ilimtoka kama jino.

Bi Hamira akampisha. Njiani kurudi nyumbani hakupita njia yake ya kawaida. Alizungukia kwenye kona ambako yule mzee mkandaji siku hizi anauza mkaa, kona aliyoikwepa kwa muda mrefu kwa sababu anazozijua mwenyewe. Akanunua mfuko mdogo.

"Mzee wangu," alisema, "haikuwa pombe. Ilikuwa kengele."

Mzee alimfungia mkaa bila haraka. "Pombe sijawahi kuionja, mwanangu. Niliwaambia. Ila nyinyi mlikuwa mnacheka, hamkusikia."

Bi Hamira alimlipa. Aliinama akampa mkono, akaondoka na mkaa wake.

Nyumbani binti yake alikuwa anachambua maharage. Akainuka haraka kumpokea mfuko. "Mama, si ungeniambia mimi nikanunue? Njoo ukae, upumzike."

"Lete kiberiti," alisema Bi Hamira.

"Mama..."

"Lete kiberiti changu. Na leo mtu asiniite nikiwa jikoni, hata nyumba ikiungua."

Akapika peke yake, mlango ameurudishia. Maharage yalipoiva akawapakulia binti na wajukuu, akakaa kitako mbele yao, mikono magotini, akawatazama midomo mmoja mmoja. Yeye mwenyewe hakuweza kula mpaka mdogo wao alipomaliza sahani na kuomba tena.