Hodi Katika Nyumba Isiyo na Ukuta

Nakumbuka asubuhi moja kule Newala, mwanangu, tuliamka tukakuta vigingi vya wapimaji katikati ya njia yetu ya bombani. Walikuwa wamekaa na wanaume wa mtaa, wakawauliza gari linapita wapi. Wabeba ndoo wanapita wapi, hakuna aliyeuliza. Hasira hiyo ninayo mpaka leo, nawe umeinyonya.

Ilikuwa enzi ya soko huria, wanunuzi wa korosho wanamiminika na malori. Mmoja wao, Baba Asha, akapewa kiwanja kilichopimwa pale, akachimba msingi juu ya njia. Ikawa lazima tuzungukie barabara kuu, ndoo kichwani, malori yanatupulizia vumbi. Mtoto wa jirani aliponea chupuchupu kugongwa.

Nilikuwa kidato cha pili, damu inachemka. Nikainama ning'oe vigingi. Bibi yangu akanidaka kiwiko.

"Ukiving'oa tutaitwa wahuni, na njia itakufa kweli. Chukua ndoo, pita."

Tukapita. Kwenye mtaro wa msingi Bibi akasimama, akapiga hodi kana kwamba kuna mlango. Mafundi wakacheka, lakini hodi haikataliwi, wakaitikia karibu. Akavuka, akatokea upande wa pili. Nyuma yake jirani yetu Mama Saidi, hodi. Nyuma yake mimi, shikamoo na hodi. Ikawa hivyo kila siku, wanawake wa mtaa mzima, kwenda na kurudi, mafundi hata matofali hawapangi kwa kuitikia.

Baba Asha akaja kufoka. Bibi hakushusha ndoo.

"Jenga, mwanangu, hatukukatazi. Tunaizoea sebule yako tu, maana tutaipita mpaka tufe."

Mafundi walicheka, yeye hakucheka. Lakini alisogeza msingi, akaacha kichochoro, na mpimaji akarudi kukichora.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wamesema wahenga. Sisi ukuta nusura utuzibe wenyewe. Sasa tuko Masasi, na hapa nako wameanza kupima. Kikao ni kesho, wameitwa wenye nyumba. Mimi mpangaji sikuitwa. Nitakwenda, wewe mgongoni.

Mwanangu, usingoje msingi uchimbwe. Mtaa ni wa anayeupita kwa miguu pia, na asiposema, huchorewa. Sema mapema, kwa adabu kama unayo. Mimi yangu ni kidogo. Mungu akupe miguu isiyochoka, na kila utakapopiga hodi, uitikiwe karibu.